Shokapu Haibebi Gari



Juma hili naomba tuingie pamoja uvunguni mwa gari. Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya uvunguni ni ya mafundi, si ya redio. Wanivumilie kidogo, maana nitaanza na msiba.

Nilikuwa Kasulu kwa shemeji yangu, mwalimu mstaafu. Ukafika ujumbe kwamba mzee mmoja wa ukoo wao amefariki katika kijiji kilicho upande wa Kibondo, na mazishi ni kesho yake. Shemeji ana Land Cruiser kuukuu, lile refu lenye benchi mbili za kutazamana kule nyuma na bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Vijana wanaliita mkonga. Tuliingia watu kumi na mmoja, masufuria, mikeka na magunia mawili ya maharage. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu huko ndivyo watu wanavyosafiri.

Tuliiacha barabara kuu asubuhi, tukaingia ya vumbi. Wanaozijua njia za nyanda za juu za Kigoma wanajua kiangazi kinavyozifanya. Udongo mwekundu unakauka, changarawe inasogea, na barabara nzima inajikunja kama bati. Gari likaanza kutetemeka, kisha likaanza kucheza. Shemeji akaongeza mwendo, kama wafanyavyo madereva wengi, na kweli mtetemo ukapungua. Kumbe ulipungua kwa sababu magurudumu yalikuwa yanaruka kutoka tuta hadi tuta, hayashuki tena bondeni.

Tukaja kwenye kona, tena ya mteremko, na mbele yetu mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Shemeji akakanyaga breki. Breki zilikuwa nzima. Lakini breki hulishika gurudumu, na gurudumu lenyewe halikuwa limeishika ardhi. Mkia wa gari ukatupwa kulia, mara kushoto, tukasimama tumeikingama njia, gurudumu moja la nyuma likiwa mtaroni. Kutoka bampa hadi baiskeli ya yule mzee ningeweza kupima kwa mkono wangu mmoja.

Hakuna aliyeumia. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi mitatu alishuka, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akamwambia shemeji kwa adabu, "Mwalimu, sisi tutatembea." Akaenda zake. Wanawake wengine watatu wakamfuata. Walifika msibani saa moja baada yetu, na hakuna aliyewauliza neno.

Shemeji hakulala vizuri usiku ule.

Ndugu wasikilizaji, pengine nieleze kwanza ni kwa nini Kasulu na Kibondo zina magari ya namna hii kwa wingi. Wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi: Warundi mwaka 1972, Warundi tena baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na Wakongo tangu vita vya mwaka 1996. Yakafunguliwa makambi ya Mtabila, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli, Kanembwa na mengineyo. Pamoja na mahema na mahindi ya msaada yakaja magari meupe, mengine yakiwa na namba za DFP. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na Nduta ikafunguliwa upya. Kila wimbi la watu lilileta magari, na kila gari likizeeka liliuzwa mnadani. Hivyo ndivyo mwalimu mstaafu anavyojikuta na gari ambalo lilifanya kazi ngumu kwa miaka mingi kabla hajalishika usukani.

Kweli, lami imesogea. Kutoka Kidahwe hadi Kasulu mtu anateleza siku hizi, na upande wa Nyakanazi kuelekea Kakonko vilevile. Lakini wafu wetu hawazikwi kando ya barabara kuu, na wajawazito hawaumwi uchungu kwenye lami. Mtu akiingia njia ya Nyarugusu, ya Heru Ushingo au ya Kumsenga, anarudi palepale pa zamani.

Tuliporudi Kasulu, shemeji alikuwa amekwisha toa hukumu yake. Alisema, "Shemeji, shokapu zimekwisha. Gari limelala nyuma kama fisi. Nikinunua nne mpya litainuka." Nikaitikia, maana hata mimi nilidhani hivyo. Tukaenda kwa fundi.

Fundi huyu ni kijana, hana hata kibanda cha maana, ana mwembe na boksi la spana. Tukasalimiana. Badala ya kuinama kuangalia, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Naomba ulirudishe barabarani, uende kwenye njia mbovu robo saa, halafu uje hapa moja kwa moja bila kusimama." Shemeji akanuna kidogo, lakini akaenda. Aliporudi, fundi akaingia uvunguni, akasogeza mgongo wa kiganja chake karibu na kila shokapu, taratibu, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Akatoka akasema, "Tatu ni za baridi. Moja ni ya moto sana. Hiyo moja ndiyo inayofanya kazi ya zote nne, na nayo haitafika mbali."

Mimi nilidhani ya moto ndiyo mbovu! Nikamwomba anieleze. Maelezo yake, pamoja na niliyojisomea baadaye, ni haya.

Kinachobeba gari ni springi. Iwe ya vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, iwe ya koili, kazi yake ni kubeba uzito na kukunjuka. Lakini springi ikishakunjwa haijui kutulia. Inarudi juu, inashuka, inarudi tena. Shokapu imewekwa hapo ili kumkataza springi asicheze. Ndani yake ni kama pampu ya baiskeli iliyojazwa oili badala ya hewa. Pistoni ina vitundu vidogo vyenye vali, na kila gurudumu linapopanda au kushuka, oili inalazimika kupenya mle. Ni kama kukoroga ugali uliokaza: mwiko unakwenda, lakini hauendi kwa mbio. Nguvu ya mtikisiko haipotei, inageuka kuwa joto. Kwa hiyo shokapu iliyofanya kazi lazima ipate joto. Ikiwa safari ilikuwa mbaya na shokapu ni ya baridi, basi haikushughulika na chochote.

Sasa fikirini kazi hiyo kwenye barabara ya mikunjo. Kama matuta yamepishana kwa sentimita 70, na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu linapigwa karibu mara 24 kwa sekunde moja. Kwa saa nzima ni zaidi ya mara 85,000. Oili inachemka, inachanganyika na hewa, inakuwa povu, na povu halina ubishi mbele ya pistoni. Ndiyo maana gari linaweza kuondoka Kasulu likiwa na adabu na kufika katikati ya safari likiwa halina. Dereva akisimama kunywa chai nusu saa, oili inapoa na povu linatulia, naye anadhani tatizo lilikuwa barabara.

Wengi wetu tunaamini kwamba mikunjo hiyo inaletwa na malori mazito au na springi mbovu za magari ya watu. Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1963 K. B. Mather, aliyefanya majaribio yake Australia, aliandika juu yake katika jarida la Scientific American. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walitoa utafiti wa gurudumu dogo linalozungushwa juu ya mchanga mkavu. Waliona kwamba mikunjo hutokea hata kama gurudumu halina springi yoyote, mradi mwendo umepita kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho mchanga unabaki sawa. Nilimsomea shemeji habari hiyo, akanijibu kwamba angeweza kuwaambia hayo bila kuzungusha mchanga wowote, kwa sababu njia wanayopita ng'ombe haina mikunjo.

Turudi kwa fundi. Shemeji akamwambia, "Basi nitafutie nne, gari liinuke." Kijana akatikisa kichwa. "Mwalimu, shokapu haibebi gari. Gari limelala kwa sababu springi zimechoka." Akatuita tuone. Kwenye springi ya nyuma kushoto kipande kimoja kilikuwa kimekatika. Kulia, fundi fulani wa zamani alikuwa amechomeka kipande kinene cha lori ili gari libebe zaidi. Upande mmoja mlegevu, upande mwingine mgumu kama reli. Shokapu zile tatu zilikufa zikijaribu kuwapatanisha ndugu wawili wasioelewana.

Hapo nilimwona shemeji akihesabu kimoyomoyo. Fedha alizoziweka kwa ajili ya shokapu zilikuwa zinakwenda kwenye springi, na hana nyingine mpaka auze maharage. Mtu mwingine angesema weka shokapu kwanza, springi mwakani. Fundi alikataa, nami namsifu kwa kukataa kazi yenye malipo. Shokapu mpya juu ya springi iliyovunjika hupigwa hadi mwisho wa urefu wake kila siku, na haimalizi mwaka. Shemeji akaanza na springi. Shokapu zikasubiri mavuno, na kwa muda wote huo mkonga haukubeba abiria hata mmoja. Watu wa Kasulu walimlaumu sana. Gari lipo uani, na mgonjwa anapelekwa hospitali kwa pikipiki.

Maharage yalipouzwa, nikaagizwa mimi ninunue shokapu hapa Dar es Salaam, kwa kuwa eti niko karibu na maduka. Nikaenda Gerezani na Kariakoo. Mwenye kuzijua sehemu hizo anajua kwamba mtu huanza kuitwa "bosi" kabla hajashuka kwenye daladala.

Swali la kwanza dukani lilikuwa, "Gari gani?" Nikasema, Land Cruiser mkonga. Kijana akanyanyuka, akarudi na maboksi manne. Bahati nzuri yule fundi alikuwa amenipa karatasi aliyonakili kutoka kwenye kibati kilichogongomelewa chini ya boneti, nayo ilisema HZJ75. Maboksi yalikuwa ya HZJ78. Kwa macho ya mpita njia magari haya mawili ni pacha, na injini yao ya dizeli, 1HZ ya lita 4.2, ni ileile. Lakini hadi mwaka 1999 gari hili lilikuwa na springi za vipande mbele na nyuma. Kuanzia mwaka ule Toyota wakaweka koili mbele. Shokapu ya mbele ya moja si ya nyingine. Ningezipakia kwenye basi zile za kwanza, zingesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kugundulika kwamba hazifungiki. Wenye Prado, Pajero na Hilux Surf nao waangalie vibati vyao. Jina lililoandikwa mlangoni halitoshi, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari mara nyingine ni mwaka ambao gari liliingia nchini.

Tulipoelewana juu ya gari, nikaonyeshwa mali za namna nne.

Za kwanza zilikuwa za mtumba kutoka Japani, zimepigwa rangi nyeusi zikameremeta. Nikamwuliza kijana zilitembea kilomita ngapi huko zilikotoka. Akacheka, nami nikacheka, tukaziacha. Injini ya mtumba mtu anaweza kuiwasha akaisikiliza. Shokapu ya mtumba haina sauti.

Za pili zilikuwa na jina kubwa la Kijapani kwenye boksi, lakini bei ilikuwa ya kuchekesha. Niliishika moja nikaisukuma kwa mikono. Iliingia kwa urahisi, halafu katikati ikawa na pengo, yaani mahali ambapo haikupinga chochote, ndipo ikashika tena. Maandishi ya boksi yalikuwa yamechapwa yakapinda. Muuzaji alisema ni "orijino ya Dubai". Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kusaka bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama na kila mnunuzi kaunta. Mtu anunue kwa wakala, adai risiti yenye namba ya kifaa, na asipopewa risiti atoke. Huo ndio ushauri nilio nao.

Za tatu zilikuwa shokapu za kawaida za kampuni zinazojulikana, zenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, oili na gesi kidogo ya naitrojeni ya kuzuia povu. Kampuni ya KYB, ambayo wazee wa gereji wanaiita Kayaba, inatengeneza za namna hii, na Monroe pia. Zipo za kawaida kabisa, na zipo za kazi nzito zenye pistoni pana na oili nyingi zaidi.

Za nne ndizo zilizonipa wazimu. Mrija mmoja mnene, gesi imeshindiliwa kiasi cha mara 25 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, rangi ya manjano, bei ya kutisha. Namna hii ilitokana na kazi ya mhandisi Mfaransa, Bourcier de Carbon, na Bilstein wa Ujerumani wakaifikisha kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Gesi na oili zimetenganishwa kwa pistoni ya pili, hivyo povu halipati nafasi, na mrija mmoja unaopigwa na upepo hupoa haraka. Nina rafiki mwenye shangingi ambaye amezifunga, na gari lake linapita juu ya matuta ya Dar es Salaam kama mtumbwi ziwani. Nikaona hizi ndizo za kumwondolea shemeji fedheha. Nilikuwa tayari hata kuongeza fedha yangu.

Nikampigia fundi simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mzee, mawe je?"

Mawe! Kwenye njia za huko gurudumu la mbele linarusha kokoto nyuma usiku na mchana. Kokoto ikiupiga mrija mmoja ukabonyea, pistoni inayoteleza humo ndani inakwama, na shokapu imekufa siku hiyohiyo. Ile ya mirija miwili ikibonyea kwa nje, pistoni iko kwenye mrija wa ndani, inaendelea na kazi. Tena, akasema, ile ya bei kubwa ikifa Kibondo hakuna wa kuleta mwenzake kabla ya majuma mawili, na shokapu hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja. Akamaliza kwa kuniambia kwamba rafiki yangu wa Dar es Salaam amechagua vizuri kwa Dar es Salaam.

Nakiri kwamba niliona haya. Na simsemi vibaya mwenye kununua hizo. Anayekwenda mbio safari ndefu za joto, na mwenye fedha ya kuweka akiba ya jozi moja nyumbani, atafurahi nazo. Lakini kwa mwalimu mmoja, gari moja na njia ya mawe, nakubaliana na kijana wa chini ya mwembe.

Kulikuwa na kishawishi kingine. Muuzaji alisema, "Chukua ngumu zaidi bosi, si gari la shamba?" Wengi wetu tunaamini kwamba ngumu ndiyo imara. Sivyo. Shokapu ilinganishwe na springi iliyopo na mzigo wa kila siku. Ikiwa ngumu kupita springi, gari tupu linagonga kila jiwe na gurudumu linaruka, yaani tunarudi kwenye kona yetu ileile. Isitoshe, springi haipati muda wa kurudi chini kabla ya tuta la pili, kwa hiyo gari linazidi kushuka mpaka halina nafasi ya kuchezea. Shemeji siku nne za juma anakwenda na watu watatu. Siku ya soko ndiyo anajaza. Nikachagua za kazi nzito za kiasi, zile za mirija miwili, kwa springi za urefu wa kawaida. Wale waliopandisha magari yao kwa springi ndefu wanahitaji shokapu ndefu kwa kiasi hichohicho. Wakiweka fupi, shokapu ndiyo itakuwa kamba inayolizuia gurudumu lisishuke, mpaka siku ing'oke. Wakiweka ndefu mno kwa gari la kawaida, itagonga mwisho kabla ya ile raba ya kizuizi, na kinachopasuka ni kishikio cha chasisi.

Nikaongeza na ya tano. Ndiyo, ya tano. Magari haya yana shokapu nyingine ndogo imelala kwenye vyuma vya usukani, na watu wengi wameishi na gari miaka kumi bila kujua kuwa ipo. Ikifa, usukani unatetemeka mikononi kama kuku aliyeshikwa.

Nilipata nafasi ya kwenda mwenyewe kushuhudia ufungaji. Kijana alizitoa kwenye boksi, akazisimamisha wima, akazisukuma na kuzivuta kila moja mara tano au sita, mpaka zikapinga sawasawa juu na chini. Alisema zikisafiri zimelala, hewa huingia mahali pa oili, na mtu akizifunga hivyo atazilaumu bure. Hakuishika ile fimbo inayong'aa kwa koleo, maana mkwaruzo mmoja unakula sili na oili inaanza kuvuja. Bushi za raba aliweka mpya zote. Nati hakuzikaza mpaka gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki likasimama kwa uzito wake. Mwisho akakata kipande cha tairi bovu akakining'iniza mbele ya kila shokapu ya nyuma kupokea mawe. Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri, na kipande cha tairi hakikulipiwa.

Halafu akapunguza upepo wa matairi. Shemeji akataka kupinga. Kijana akamwambia kwamba tairi ndiyo shokapu ya kwanza. Ikijazwa mpaka iwe jiwe, kila pigo linapanda lote kwenye oili. Kwenye vumbi apunguze kidogo na mwendo apunguze vilevile; akirudi kwenye lami ajaze.

Wenye RAV4 na gari nyingine ndogo za namna hiyo wasije wakaniandikia. Za mbele zenu zimeungana na springi na zinalishika gurudumu lenyewe, kwa hiyo kuzitoa kunataka kifaa cha kuibana koili. Koili ikichomoka bila kubanwa inaua mtu. Msimpe fundi anayefanya kazi hiyo kwa kamba.

Arobaini ya marehemu ilikuwa imepita zamani, lakini ukoo ulikuwa na kikao cha mirathi, na njia ilikuwa ileile. Asubuhi abiria wakaja uani kwa mwalimu. Yule mama alikuwepo, mtoto sasa anakaa mwenyewe. Hakupanda. Alisimama kando ya gari, akauliza, "Mwalimu, umebadilisha?"

Shemeji hakujibu. Alikwenda nyuma ya jiko akarudi na zile shokapu nne kuukuu amezikumbatia kama kuni, akazimwaga chini mbele yake. Mama akainama, akaishika moja, akaisukuma kwa mkono mmoja. Ikaingia yote bila ubishi na kubaki humo. Akaiweka chini, akajipangusa oili kwenye majani, akapanda mbele na mtoto wake.

Ilikuwa kiangazi na mikunjo ilikuwepo. Tulipokaribia ile kona ya mteremko, shemeji aliweka gia ya pili, ingawa gari lilikuwa limetulia kabisa na nyuma watu walikuwa wanapiga soga. Mtoto alikuwa amelala.